Utelezi wa Almasi Hutoka Hewani

Jedwali la msuguano la kidato cha tatu, kama nilivyokuwa nikiliandika ubaoni kila mwaka, lina safu mbili tu. Ya kwanza inataja vitu vinavyosuguana: mbao kwa mbao, chuma kwa chuma, mpira kwa lami. Ya pili inatoa namba, yaani koefisienti ya msuguano: nguvu inayohitajika kukisogeza kitu, ukiigawanya kwa nguvu inayokigandamiza juu ya kile kilicho chini yake. Namba ikiwa ndogo, kitu kinateleza. Ikikaribia 1, kinashika. Wanafunzi hulikariri, hulitumia kwenye mtihani, kisha huondoka wakiamini kwamba namba ile ni mali ya kitu chenyewe, kama vile uzito wake au rangi yake.

Jedwali hilo lina pengo. Halisemi vitu hivyo vilisuguana katika hewa ya namna gani. Kwa mbao na matofali hatupotezi sana. Kwa almasi, bila kuitaja hewa, namba yenyewe haina maana.

Chukua vipande viwili vya almasi vilivyong'arishwa vizuri, uvisugue hapa Songea, mezani, katika hewa ya kawaida. Namba utakayopata itakuwa kati ya 0.05 na 0.1 hivi. Vyuma viwili vikavu haviufikii utelezi huo. Vyuma vinahitaji mafuta. Sasa vitie vipande vilevile ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, uvisugue tena na tena mahali palepale. Namba inapanda hadi karibu 0.9. Almasi ni ileile, na mzigo ulioiwekea ni uleule. Kilichoondoka ni hewa.

Nafundisha fizikia mjini Songea, lakini almasi niliijua nyumbani kabla sijaisoma darasani. Baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa watu waliokimbilia Tunduru katikati ya miaka ya 1990, wakati safaya na aleksandraiti zilipoanza kupatikana kwenye mchanga wa mto Muhuwesi na vijito vyake. Kuchimba hakukumpa kitu. Akajifunza kukata mawe, akarudi Songea na mashine ndogo: sahani ya shaba inayozunguka, na vikopo vya unga wa almasi uliopangwa kwa daraja, mkavu kama majivu. Safaya ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, almasi ina 10, kwa hiyo hakuna kinachoiweza safaya vizuri kama unga ule. Mabroka walikuja na mawe yao yamefungwa kwenye karatasi, wakasimama nyuma yake wakiangalia saa. Mimi nilikuwa namshikia taa umeme ulipokatika.

"Mwanangu, hii ukiipa maji inakataa," alikuwa akiniambia huku akichanganya unga na mafuta kwa ncha ya kidole. "Ukiipa mafuta inapokea."

Nililichukulia kuwa neno la fundi tu. Baadaye chuoni nilikuja kujua kwamba alikuwa ameigusa kemia ya uso wa almasi, na kwamba kemia hiyohiyo ndiyo inayoamua kama almasi itateleza au itashika.

Sisi Watanzania tuna historia ndefu na jiwe hili. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliugundua mwamba wa Mwadui, Shinyanga, wenye eneo la hekta 146, moja ya miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 mwamba huo ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Mambo hayo tunayahadithia, na tunafanya vizuri. Karati, rangi na bei tunavijua. Uso wa almasi, ile tabaka moja ya atomu ambapo jiwe linakutana na dunia, hatuuzungumzi kabisa, na mimi naona huko ndiko kwenye utajiri wa maarifa.

Migodi ya zamani iliutumia uso huo bila kuuelewa. Mchanga uliooshwa ulipitishwa kwa maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengine, kwa kuwa yamelowa, yalipita yakaenda zake. Almasi hailowi, kwa hiyo ilinasa kwenye grisi. Njia hiyo ilianza kutumika Kimberley, Afrika Kusini, miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ilitumika kwa miongo mingi baadaye. Sababu ya almasi kukataa maji ni kwamba uso wake umevikwa haidrojeni. Na sababu ya kuvikwa haidrojeni inaanzia kwenye muundo wake.

Katika masomo ya kemia tunasema kaboni ina mikono minne, na picha hiyo inafaa hapa. Ndani ya almasi kila atomu imeshikana na jirani wanne, pande zote, ndiyo maana jiwe ni gumu hivyo. Lakini atomu iliyoko juu kabisa haina jirani wa kushikana naye upande wa nje. Mkono wake mmoja unabaki wazi, na mkono wazi hautulii. Ukiiegemeza almasi ya namna hiyo kwenye nyingine yenye mikono wazi pia, mikono inakamatana; kuzisogeza sasa ni kuivunja mishiko hiyo, mmoja baada ya mwingine, na mingine inajifunga papo hapo. Huo ndio msuguano wa 0.9 ndani ya ombwe.

Hewani mikono haibaki wazi. Molekuli ya maji inapoufikia uso huo inapasuka: atomu moja ya haidrojeni inashika mkono mmoja, na kipande kilichobaki, chenye oksijeni na haidrojeni, kinashika mkono wa pili. Uso unatulia. Almasi mbili zilizotulia hivyo zikikutana hazina cha kukamatana nacho, zinapitana tu. Msuguano unapoivua baadhi ya mikono hiyo, mvuke wa maji uliopo hewani unaivika tena. Kwa hiyo kuna mashindano yasiyokoma kati ya kuvua na kuvika. Katika hewa yenye unyevu wa kawaida, kila nafasi usoni hugongwa na molekuli za maji mara mamilioni kwa sekunde moja, na kuvika kunashinda bila shida. Katika ombwe hakuna wa kuvika. Kila safari ya kusugua inavua zaidi, na namba inapanda kidogo kidogo mpaka vipande vinaanza kukwaruzana.

Aliyefungua njia ya kuyajua haya ni Frank Philip Bowden, mzaliwa wa Tasmania, Australia, aliyefanya kazi Cambridge. Mwaka 1951 yeye na mwenzake Young walichapisha majaribio ya almasi, grafaiti na kaboni ambayo nyuso zake zilisafishwa kwa kuchomwa ndani ya ombwe. Msuguano ulipanda sana. Waliporuhusu gesi kiasi kidogo iingie, oksijeni kwa mfano, ukashuka. Katikati ya miaka ya 1960 Bowden alirudia kwa ombwe bora zaidi na kuipata ile namba ya 0.9. Navutiwa sana na kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji mashine za ajabu. Ilihitaji mtu anayeshuku kwamba hewa aliyoizoea inafanya kazi asiyoiona.

Wakati huo wahandisi wa ndege walikuwa wameshalipata somo kama hilo kwa gharama. Kila fundi wa grenda na stata pale Lizaboni, hapa Songea, anazijua kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota. Vimetengenezwa kwa grafaiti, na grafaiti inasifiwa kwa utelezi wake. Katika Vita Kuu ya Pili ndege zilipoanza kuruka juu sana, kaboni za jenereta zake zilisagika zikawa vumbi katika muda wa saa chache, wakati ardhini zingedumu miezi. Huko juu hewa ni nyembamba na imekauka. Mwaka 1948 Robert Savage wa kampuni ya General Electric, Marekani, alionyesha kwamba grafaiti haitelezi kwa nguvu zake peke yake. Inahitaji mvuke wa maji, hata kidogo, ili tabaka zake zisishikane. Tiba iliyotumika ilikuwa kuchanganya kaboni hizo na chumvi kama floridi ya bariamu, ifanye kazi ambayo maji yaliifanya ardhini. Songea tuko kwenye mita zaidi ya elfu moja tu juu ya usawa wa bahari, na grenda zetu hazina hatari hiyo.

Kutokana na mfano wa grafaiti, wengi waliamini kwamba almasi nayo huteleza kwa sababu ya grafaiti: kwamba joto la kusugua huubadilisha uso wake kuwa tabaka laini jeusi. Hoja ilikuwa na mantiki, maana zote mbili ni kaboni. Mwaka 2008 Andrew Konicek, Robert Carpick na wenzao huko Marekani walisugua tando za almasi zenye chembe ndogo mno, kisha wakazichunguza njia zilizosuguliwa kwa miale ya eksirei inayoweza kutofautisha kaboni ya almasi na kaboni ya grafaiti. Grafaiti haikuonekana, isipokuwa dalili ndogo pale mzigo ulipokuwa mkubwa na hewa kavu sana. Walichokiona kinaunga mkono ile hadithi ya mikono: uso ulibaki almasi, umevikwa vipande vya maji. Hata hewa kavu sana ilitosha kuleta utelezi. Ila hewa inapokauka, nyuso hukwaruzana kwa muda mrefu zaidi kabla hazijatulia.

Gesi zenyewe hazilingani. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, haisaidii kitu, kwa kuwa atomu zake mbili zimeshikana mara tatu na haziachani kirahisi. Agoni haishikani na chochote. Oksijeni inasaidia. Haidrojeni inasaidia pia, lakini watafiti wa Lyon, Ufaransa, mwaka 2012 walionyesha kwamba maji huivika almasi upesi kuliko haidrojeni, kwa sababu molekuli ya maji hupasuka kwa wepesi zaidi inapoufikia uso. Ukiondoa maji na oksijeni hewani ukabaki na naitrojeni tupu, umeinyima almasi kitu kilekile ambacho ombwe linainyima.

Nimesema tando. Almasi inayotumika viwandani kwa kazi hii si jiwe la kuchimbwa. Ni utando unaooteshwa juu ya chuma au kauri. Gesi ya methani, kiasi cha asilimia 1 tu, huchanganywa na haidrojeni na kupitishwa kwenye waya wenye joto la nyuzi 2000 hivi. Methani inavunjika, kaboni inatua kwenye kifaa chenye joto la nyuzi 800 hivi, na haidrojeni inafagia kaboni yoyote inayotaka kuwa grafaiti. Utando unaopatikana una unene wa mikroni chache na ugumu unaokaribia wa jiwe la Mwadui. Hutumika kwenye visu vya kukatia alumini, na kwenye sili za pampu ambako nyuso mbili husuguana mchana kutwa.

Baba mdogo, ambaye sasa ana mvi na haikati tena safaya ndogo kwa sababu ya macho, aliponisikia nikieleza haya aliuliza swali la fundi: "Sasa Mwalimu, kama ni ngumu hivyo, mbona yenyewe inasagwa?" Swali zuri. Almasi hung'arishwa kwa unga wa almasi, na wakataji wamejua kwa karne nyingi kwamba kuna mwelekeo laini na mwelekeo mgumu kwenye jiwe lilelile. Mwaka 2011 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, wakitumia hesabu za kompyuta, walieleza kwa nini. Kusugua kunazivuruga atomu za juu, mpangilio wake unapotea na kuwa tabaka laini. Tabaka hilo hukwanguliwa na ncha za unga, au oksijeni ya hewani inalichukua na kulifanya hewa ya ukaa. Upande laini ni ule ambao atomu huvurugika upesi. Hata hapo hewa ina mkono wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema siku zote alijua upande unaokubali kwa kusikiliza sauti ya sahani.

Kuna utando mwingine, na huu umenipa shida kubwa kuueleza kwa sababu unafanya kinyume. Unaitwa kaboni mfano wa almasi. Atomu zake hazina mpangilio, zimechanganyika, na mara nyingi zimejaa haidrojeni tangu utengenezaji. Ali Erdemir, mwanasayansi mzaliwa wa Uturuki, akiwa katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, alitengeneza aina yenye haidrojeni nyingi. Katika naitrojeni kavu koefisienti yake ilishuka hadi karibu 0.001. Katika hewa yenye unyevu namba ilipanda mara kumi na zaidi. Mikono ya utando huu imeshavikwa haidrojeni kutoka ndani, haina haja ya kuvikwa na maji. Maji yakija yanakaa juu yake na kuleta mshikano ambao haukuwapo. Aina isiyo na haidrojeni, kwa upande wake, inafuata tabia ya almasi: inashika katika hewa kavu, inateleza penye unyevu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama unyevu unapunguza msuguano wa almasi, namuuliza kwanza ni utando upi. Wahandisi wengi wamepoteza vipimo vyao kwa kutouliza hivyo.

Tando hizi ziko hapa mjini, ingawa hazitangazwi. Malori yanayobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yakipitia Songea na Tunduru kuelekea bandari ya Mtwara, mengi yana injini za dizeli za kisasa. Fundi pampu akifungua nozeli zake huweza kukuta sindano yenye mng'ao mweusi. Weusi ule haufutwi kwa petroli wala kwa msasa, na asijaribu. Mara nyingi ni kaboni mfano wa almasi, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, iliyowekwa ili sindano idumu kwa shinikizo kubwa. Ndani ya nozeli kinachoizunguka ni dizeli, kwa hiyo unyevu wa hewa hauingii sana kwenye hesabu. Kompyuta ya shule nayo, kama ina diski inayozunguka, diski hiyo imefunikwa na kaboni ya aina hii kwa unene wa nanomita chache. Diski nyingi kubwa zinazotengenezwa tangu 2013 zimejazwa heliamu na kuzibwa kabisa, na ndani yake gesi imechaguliwa kwa makusudi. Ile "diski ya almasi" ya kukatia marumaru inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni kitu kingine. Ile ni chembe za almasi zilizofungwa kwenye chuma ili zikwaruze; haijatengenezwa iteleze, wala mtu asiilipie kama utando.

Unyevu unapoleta tofauti kubwa ni pale kusipokuwa na mafuta wala maji: vifaa vya satelaiti angani, pampu za kuvuta ombwe, vali za gesi kavu, na sili za vikandamizi ambavyo hupulizwa naitrojeni kavu ili gesi isivuje. Utando uliopimwa katika maabara yenye hewa ya kawaida ukasifiwa, ukiwekwa humo unaweza kufa mapema. Nchi yetu inasafirisha gesi kwa bomba kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam, na mafundi wetu vijana ndio watakaozifungua mashine kama hizo. Nataka wakutane na swali hili wakiwa bado wananisikiliza darasani, si siku mashine imesimama.

Ndiyo maana nimeongeza safu ya tatu kwenye jedwali langu. Tunapopima msuguano wa ubao kwa ubao, wanafunzi wanasoma kwanza vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa chenye maji, wanapata unyevu wa hewa, wanauandika. Zoezi hilo tunalifanya Oktoba, wakati nyasi za milima ya Matogoro zimekauka na vumbi linapanda barabarani, halafu Februari masika yamekolea. Katika nyuzi 20 mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba hadi gramu 17 hivi za mvuke, na Februari mara nyingi hatuko mbali na kikomo cha kile ambacho hewa inaweza kubeba. Ubao ulionyonya unyevu hushika zaidi, kinyume cha almasi, na hilo linawashangaza, wanaanza kuniuliza juu ya kila mstari wa jedwali: hii chuma kwa chuma ilipimwa wapi? Ilikuwa na kutu? Mpira kwa lami, lami ya mvua au ya jua?

Wahandisi nao wanatafuta utando usiojali majira. Njia mojawapo ni kuchanganya silikoni ndani ya kaboni mfano wa almasi. Msuguano wake hauyumbi sana unyevu unapopanda au kushuka. Hautelezi kama ule wa Argonne katika naitrojeni kavu, lakini hauhitaji kufungiwa ndani ya naitrojeni. Kwa mashine itakayotoka Songea Julai na kufika Mtwara kesho yake, kwenye joto na chumvi ya bahari, mimi ningechagua huo.